Mstari, Mdundo na Ngano: Misingi ya Uchoraji na Uhuishaji katika Usimulizi wa Picha

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, picha imekuwa ikihesabiwa kuwa pambo. Mhakiki anapokikabili kitabu cha ngano za watoto huchambua wahusika, maudhui, lugha na msuko wa matukio, kisha, akikumbuka, huongeza sentensi moja ya kusema kwamba michoro yake inavutia. Kauli hiyo haisemi lolote. Haimwelezi msomaji ni mstari wa namna gani uliochorwa, Sungura amesimama vipi, jicho linaongozwa kutoka wapi kwenda wapi, wala ni sehemu gani ya hadithi iliyosimuliwa na mchoro peke yake bila ya kusaidiwa na neno. Uzembe huu ungeweza kuvumiliwa katika zama ambapo picha mbili tatu za wino mweusi zilitiwa katikati ya kurasa za maandishi. Leo hauvumiliki. Wako watoto wasiohesabika, wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, wanaomjua Sungura wa kwenye televisheni kabla ya kumjua yule wa kinywani mwa bibi, na baadhi yao huyo wa pili hawatakutana naye kamwe. Mtaalamu wa fasihi simulizi asiyeweza kusoma mchoro unaosogea amejiondoa mwenyewe katika uwanja wake.

Makala haya yanashikilia kwamba misingi ya uchoraji na uhuishaji, yaani mstari, umbo, pozi, upangaji wa fremu na mwendo wa wakati, ni vipengele vya usimulizi kwa maana ile ile ambayo nafsi, njeo na uradidi ni vipengele vya usimulizi. Kwa hivyo vinastahili kuhakikiwa, si kusifiwa. Kazi mbili zitatumika kulipima dai hilo. Ya kwanza ni ngano ya Kima na Papa, ile iliyochapishwa na Edward Steere katika mkusanyo wake wa Swahili Tales mwaka 1870 kwa jina la Kisa cha Punda wa Dobi. Hapa itachukuliwa kama hadithi inayosubiri kuchorwa. Ya pili ni Tinga Tinga Tales, mfululizo wa televisheni uliohuishwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010.

Pingamizi dhidi ya dai hili ni la kale. Mwaka 1766 Gotthold Ephraim Lessing, katika Laokoon, alizitenga sanaa mbili: ushairi ni sanaa ya vitendo vinavyofuatana katika wakati, na uchoraji ni sanaa ya miili iliyopangwa katika nafasi. Kutokana na utengano huo, mchoraji hana budi kuchagua nukta moja tu ya kitendo, ile iliyobeba mimba, inayomwezesha mtazamaji kuwaza kilichotangulia na kitakachofuata. Uhuishaji umeubomoa ukuta huo, kwani mchoro sasa umepata wakati wake. Hata hivyo, nusu ya pili ya rai ya Lessing haikufa. Inafundishwa hadi leo kwa kila mhuishaji chipukizi kwa jina la pozi kuu: kabla ya kusogeza chochote, tafuta mikao michache ambayo, ikitazamwa peke yake, ingeisimulia hadithi.

Uwongo wa Kima

Anayejifunza kuchora kwa ajili ya usimulizi haanzi na uso wala manyoya. Huanza na mstari mmoja upitao kichwani hadi nyayoni, nao wachoraji huuita mstari wa kitendo. Mstari huo ndio unaobeba nia ya mhusika; viungo huja baadaye kuutii. Fisi aliyeinama kwa tamaa ni upinde. Jogoo aliyejidai ni upinde uliogeuzwa. Mchoro ambao mstari huu haupo, hata ukawa na kila unywele mahali pake, hukaa kama maiti iliyovishwa nguo, na ni kasoro inayoonekana katika vitabu vingi vya shule, ambamo wanyama husimama wima wakitazama mbele kana kwamba wanapigwa picha za kitambulisho.

Baada ya mstari huja umbo. Mafunzo ya kawaida husema kwamba duara huashiria upole na utoto, mraba huashiria uthabiti, na pembetatu huashiria hatari. Hii si sheria ya maumbile. Ni kaida ya kiishara, na kama kaida zote ina historia yake, ambayo kwa sehemu kubwa ni historia ya studio za Marekani. Ikihamishiwa kwenye ngano zetu inazua tatizo ambalo mchoraji hawezi kulikwepa. Sungura wa ngano si kipenzi cha watoto. Ni laghai, mwizi, na mara nyingine ni muuaji. Udogo wake ndio silaha yake. Akichorwa kwa maduara matupu, mashavu tele na macho makubwa, umbo linamtangaza kuwa asiye na madhara, na kejeli yote ya ngano inazimika. Akichorwa kwa pembe kali, ujanja wake umefichuliwa kabla hajafungua kinywa, na Fisi anayedanganyika anaonekana mpumbavu kuliko ngano ilivyokusudia. Njia ya tatu ipo, nayo ni kumpa umbo la duara na mstari wa kitendo usioaminika, mwili mpole wenye mkao wa mtu anayetaka kuondoka. Wachoraji wachache huitumia.

Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau iliyoanza miaka ya 1950 na kudumu kwa miongo mingi katika Taifa Leo, inafaa kutajwa hapa japo kwa kupita. Katika Kichewa, kalulu ni sungura, yule yule mjanja wa ngano. Mtu mzima aliyepewa jina la sungura na kutanguliziwa neno juha ni kitendawili kilichofungwa katika jina lenyewe, na inashangaza kwamba katuni iliyosomwa na vizazi kadha haijapata uhakiki unaoilingana.

Ama kuhusu Kima na Papa, mandhari yake yenyewe ni mchoro. Kima yuko juu ya mkuyu uliopanda ukingoni mwa maji. Papa yuko chini. Kila siku Kima humtupia Papa matunda, na urafiki wao ni mstari wa wima kati ya juu na chini. Papa anapomchukua mgongoni kwenda kwao, mstari huo unalala na kuwa wa mlalo, na Kima, ambaye usalama wake wote ulikuwa katika urefu, amekuwa kitu kidogo katikati ya bahari. Mchoraji aielewaye kazi yake hahitaji maneno kueleza hatari hiyo. Anahitaji tu kuufanya upeo wa macho uwe wa chini, fremu iwe pana, na Kima awe mdogo.

Mtihani wenyewe uko mbele. Papa anamwambia Kima kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo hakuja nao. Kwamba kima wakisafiri huiacha mioyo yao mitini na kutembea na miili mitupu. Mtambaji anaweza kuutamka uwongo huu kwa sauti ya kawaida kabisa, na hadhira hucheka kwa sababu inajua. Je, mchoraji afanye nini? Akichora mioyo ikining'inia kwenye mkuyu kama matunda, ameipa picha ushahidi. Picha huthibitisha kile inachokionyesha, na mtoto anayetazama ameingizwa katika akili ya Papa na kudanganywa pamoja naye. Asipoichora, akabaki na uso wa Kima akisema na uso wa Papa akisikiliza, amemweka mtazamaji upande wa Kima. Neno moja la ngano limekuwa njia panda ya mtazamo wa usimulizi. Iko namna ya kuichora mioyo hiyo bila ya kuithibitisha: kwa mstari wa aina nyingine, mwembamba, usio na rangi, uliochorwa kama ambavyo Papa, ambaye hajawahi kupanda mti, angeuwazia mti. Hapo mstari unafanya kazi ambayo katika nathari hufanywa na usemi wa taarifa. Mhakiki anayesema kwamba michoro ya ngano hii inavutia hajafika hata mlangoni.

Kuna somo jingine la msingi ambalo Kima na Papa wanalidai, nalo ni la umbo la kivuli. Kanuni ni kwamba pozi likijazwa wino mweusi lote, bila macho wala mdomo, bado kitendo kieleweke. Aliyeifikisha kanuni hii kileleni ni Lotte Reiniger wa Ujerumani, ambaye filamu yake ya Die Abenteuer des Prinzen Achmed ilitoka mwaka 1926 baada ya kazi ya takriban miaka mitatu. Wahusika wake wote ni vipande vya karatasi nene na bati la risasi vilivyokatwa kwa mkasi, viungo vikafungwa kwa nyaya, vikalazwa juu ya kioo chenye mwanga na kupigwa picha moja moja. Hawana nyuso ila za ubavuni. Visa vyenyewe vinatoka katika Alfu Lela Ulela, hazina ambayo wasomaji wa Kiswahili wameifahamu kwa vizazi. Funzo lake kwa ngano ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, hasa kuhusu Zimwi. Katika utambaji Zimwi halina umbo maalum. Kila msikilizaji hulitengeneza kwa hofu yake mwenyewe, na ndiyo maana haliishi kutisha. Mchoro hulazimisha. Likishachorwa meno, nywele na kucha, Zimwi limekuwa la mchoraji, na mtoto aliyekuwa na zimwi kubwa zaidi kichwani mwake amenyang'anywa. Kivuli hurejesha sehemu ya haki hiyo kwa hadhira, kwani hutoa ukingo wa kitu na kuacha kitu chenyewe.

Mpira, chubwi na kiambishi -ka-

Zoezi la kwanza la mhuishaji ni mpira unaodunda. Linaonekana la kitoto, lakini ndani yake mna karibu nadharia yote. Mpira ukipanda hupungua mwendo, kwa hiyo michoro yake hukaribiana. Ukishuka huongeza mwendo, na michoro huachana. Unapogusa ardhi hubonyea, unaporuka hunyooka, lakini ujazo wake haubadiliki. Ukibadilika, jicho halioni mpira unaodunda bali mpira unaokua na kusinyaa. Mpira wa chuma haubonyei. Kutokana na nafasi kati ya mchoro na mchoro, mtazamaji anapata habari za uzito, za kani na za kitu chenyewe, bila ya kuambiwa. Frank Thomas na Ollie Johnston, wahuishaji wa siku nyingi wa Disney, waliyaorodhesha mambo ya namna hii katika kitabu chao cha mwaka 1981 kama kanuni 12, na kanuni hizo zimekuwa kama sarufi ya shule katika taaluma hii.

Msemaji wa Kiswahili ana chombo chake cha kale cha kufanyia kazi hiyo hiyo. Mzigo ukianguka chini huanguka pu. Ukianguka mchangani, tifu. Tunda la mkuyu likianguka majini, chubwi. Tanakali hizi hazielezi sauti tu. Zinabeba uzito wa kitu, ugumu wa kilichokipokea na urefu wa tendo. Pu ni tendo lisilo na mwendelezo. Tifu ina vumbi ndani yake. Chubwi ina sehemu mbili, kugusa maji na kumezwa nayo, na mtambaji hodari huweza kuivuta ile silabi ya mwisho hadi tunda lifike chini kabisa. Katika istilahi ya wahuishaji ni kwamba tanakali ina muda, ina nafasi, na ina mfuatio. Ajabu ni kwamba filamu ya kikaragosi inayosifiwa kwa kuvunja mazoea ya Disney, Gerald McBoing-Boing iliyotolewa na studio ya UPA nchini Marekani mwaka 1950 na kupewa tuzo ya Oscar, inamhusu mtoto ambaye badala ya maneno hutoa sauti za vitu. Ni mtoto anayesema kwa tanakali tupu, na kwao anaonekana mgonjwa.

Katika zile kanuni 12, kuna mbili ambazo mwanafunzi wa fasihi atazitambua mara moja hata kabla ya kufafanuliwa. Moja ni kutia chumvi, ambayo katika ushairi na katika majigambo tumeizoea kwa jina la chuku. Ya pili ni maandalizi: mhusika hawezi kuruka mbele kabla ya kurudi nyuma kidogo, wala kupiga kabla ya kuuinua mkono, la sivyo jicho halitakiona kitendo. Fanani hufanya vivyo hivyo kwa kunyamaza. Anapofika mahali ambapo mlango utafunguliwa, huvuta pumzi, hutazama huku na huku, huishusha sauti. Kunyamaza kule si pengo. Ndiko kunakokifanya kitendo kionekane. Taharuki, basi, ina mizizi katika mwili kabla ya kuwa mbinu ya msuko.

Hoja nzito zaidi ni ya njeo. Usimulizi wa Kiswahili husonga mbele kwa kiambishi -ka-: akaondoka, akaenda, akafika, akabisha hodi. Kila kitenzi ni pozi kuu. Kilicho kati ya kuondoka na kufika hakikusemwa, na hakuna msikilizaji aliyewahi kulalamika. Mtambaji akitaka safari iwe ndefu hurudia: akaenda, akaenda, akaenda. Huo ndio mzunguko wa mwendo, ile michoro michache ya hatua mbili ambayo mhuishaji huirudia mara nyingi apendavyo huku mandhari ikipita nyuma. Kiambishi hu- nacho ni mzunguko usio na mwisho, kwani Kima humtupia Papa matunda kila siku, na kila siku ni ile ile. Na -ki- ni yale matendo mawili yanayokwenda pamoja ndani ya fremu moja, akaja akilia.

Umuhimu wa jambo hili si wa kiistilahi. Uhuishaji wa mtindo wa Disney hujaza kila nafasi kati ya pozi na pozi. Filamu ya sinema hupita kwa fremu 24 kila sekunde, na hata mchoro mmoja ukishikiliwa kwa fremu mbili, kama ilivyo desturi, bado michoro 12 inahitajika kwa sekunde moja. Uhuishaji unaoruka nafasi hizo umepewa jina la uhuishaji finyu na kuonwa kama njia ya maskini. Studio ya UPA ilikuwa imekwisha onyesha kwamba ni uamuzi wa kisanaa. Lakini kwa anayetoka katika ngano za Kiswahili, hoja haihitaji hata kutetewa, maana lugha yenyewe husimulia kwa kuruka. Mhuishaji wa Afrika Mashariki anayeomba radhi kwa kukosa fedha za kujaza nafasi zote anaiombea radhi -ka-.

Tingatinga inaposogea

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania, akahamia Dar es Salaam kutafuta kazi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta zing'aazo, kama zile za baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba. Aliuawa kwa risasi na polisi kwa kufananishwa mwaka 1972. Jamaa na wanafunzi wake waliiendeleza kazi, na ushirika wao karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, umeifanya ijulikane duniani. Sifa zake zinajulikana: usuli wa rangi moja au mbili, mnyama mmoja anayejaa katika mraba, mwili uliosheheni madoa, mikunjo inayorefushwa kwa starehe ya brashi, hakuna kivuli, hakuna umbali.

Tinga Tinga Tales ilizaliwa kutokana na picha hizi. Mwasisi wake ni Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza, na ilihuishwa Nairobi kwa ushirikiano na Homeboyz, kwa ajili ya idhaa ya watoto ya BBC na ya Disney. Vipindi vyake 52, kila kimoja cha dakika 11 hivi, ni ngano za usuli: kwa nini Tembo ana mkonga, kwa nini Nyoka hana miguu. (Wengine wamenong'ona kwamba huyu ni Kipling, aliyeandika na kuchora mwenyewe Just So Stories mwaka 1902. Kipling hakuibuni ngano ya usuli, aliikuta.)

Tatizo la kisanaa lililowakabili wahuishaji wa Nairobi lilikuwa kubwa kuliko walivyopongezwa kwalo. Kanuni ya kubonyea na kunyooka huchukulia kwamba mwili una ujazo. Mnyama wa Tingatinga hana. Isitoshe, madoa mia ya chui yakichorwa upya kwa mkono katika kila mchoro hayawezi kutua mahali pamoja. Ngozi nzima ingechemka machoni kama uji. Suluhisho lililochaguliwa, la vipande vya mwili vilivyounganishwa kwenye viungo ndani ya kompyuta, liliyagandisha madoa juu ya kila kiungo na kuuacha mwili ubaki bapa. Kwa maneno mengine, teknolojia mpya iliwarudisha kwa mkasi wa Reiniger. Pale ambapo uamuzi huu unafuatwa hadi mwisho, mfululizo una fahari: mnyama anapita ubavuni mbele ya rangi tupu, madoa yake yanatembea naye kama kanga, na mtazamaji anaona kwamba ubapa si upungufu wa kina bali ni namna nyingine ya kupanga ulimwengu.

Pale usipofuatwa, kazi inayumba. Mwili usio na kivuli na usiobonyea lazima upate uzito wake kutoka kwingine, yaani kutoka katika muda na sauti. Muziki, ambao Eric Wainaina alishiriki kuutunga, mara nyingi huikubali kazi hiyo. Mazungumzo hayaikubali. Mara kwa mara mhusika husema atakalolifanya, halafu akalifanya, na pozi ambalo lingetosha linakuja limechelewa, likiwa tafsiri ya sentensi. Hili ni kosa lile lile la kitabu cha shule, kugeuza picha kuwa kielelezo, ila sasa kielelezo kinatembea. Na kwa kuwa sentensi hizo zilitungwa kwa Kiingereza, hakuna tanakali za kuzipa uzito. Tembo wa picha za Dar es Salaam huanguka kwa mdundo wa lugha isiyo na pu.

Kilicho kinyume cha hili kipo. Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, na ndugu yake Akili and Me inayomhusu msichana wa miaka minne, zilitengenezwa Dar es Salaam na zikazungumza Kiswahili tangu mwanzo. Masikio yanakaa nyumbani. Macho hayakai: mstari wake ni ule mstari sawia wa kompyuta, usio na unene wala wembamba, ambao ungeweza kuchorwa popote, na maumbo ni yale yale maduara ya kaida. Lengo la waandaaji ni elimu, na kwa lengo hilo wamefaulu. Lakini mhakiki ana haki ya kuona kwamba Tinga Tinga Tales ina mkono wa Afrika Mashariki na ulimi wa kwingine, na Ubongo Kids ina ulimi wa hapa na mkono wa kwingine. Kuhusu The Lion King ya mwaka 1994, ambayo wachoraji wake walizuru Kenya kutazama mandhari, inatosha kusema kwamba majina ya Kiswahili si usimulizi wa Kiswahili.

Linabaki swali la fanani. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliieleza fasihi hiyo kuwa tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati. Kwa kipimo hicho filamu ya vikaragosi inaelekea kushindwa mapema. Fani ipo, tukio limegandishwa, hadhira iko mahali pengine na wakati mwingine, na fanani haisikii. Walioiunda Tinga Tinga Tales walilihisi pengo hili, kwa kuwa walimteua msimuliaji wa ndani, Red Monkey, kima mwekundu anayefungua kila kisa. Uteuzi huo una nasaba ambayo huenda hawakuikusudia. Kima wa Steere naye ni msimuliaji. Akisharudi salama mtini, Papa akimwita kutoka chini, hamjibu kwa matusi bali kwa hadithi, ile ya punda wa dobi aliyerudi kwa simba mara ya pili, na hadithi hiyo ndiyo kukataa kwake. Kima juu ya tawi, msikilizaji chini: mchoro wa fanani na hadhira ulikuwa tayari umechorwa katika ngano ya Unguja tangu zamani.

Tofauti ni kwamba Papa alikuwa anaweza kujibu. Red Monkey hufungua kisa na kupita. Katika Marekani, Blue's Clues ilianza mwaka 1996 na kujulikana kwa ujasiri wa kumwacha mtangazaji aulize, kisha anyamaze akimtazama mtoto hadi mtoto ajibu mbele ya televisheni. Wataalamu wa elimu waliisifu mbinu hiyo kama uvumbuzi. Paukwa ilikuwa ikifanya hivyo bila ya umeme. Kinachohitajika ili kuirejesha ni kidogo. Katika televisheni ya fremu 25 kwa sekunde, sekunde mbili za kimya ni fremu 50, nazo ndizo fremu rahisi kuliko zote katika kipindi, maana hakuna kinachosogea ndani yake isipokuwa mboni za macho ya Kima, zikitoka kwa Tembo na kuwageukia watoto.